Gari langu lilivyochemka hadi nikaacha kupiga ramli

Fundi wa tatu aliweka kiganja juu ya injini, akatikisa kichwa kama mtu anayeleta habari za msiba. "Bosi, tusidanganyane. Hedi imekwenda. Tuifungue tu." Alimaanisha kichwa cha injini, kile kinachofunika silinda. Spana alikuwa nayo mkononi tayari.

Nikamwambia asubiri. Sikuwa na ujuzi wowote wa kumbishia. Nilikuwa nimeishiwa tu. Katika miezi minne nilikuwa nimeshabadilisha rejeta na pampu ya maji, na fundi wa kwanza kabisa alikuwa ameshang'oa thamostati, ile vali inayozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate moto, na kuitupa akisema haina kazi, inabana maji bure. Kila nikitoka gereji gari linakaa vizuri siku kadhaa, napumua, halafu siku moja niko katikati ya foleni nauona mshale wa joto unapanda taratibu kama mtu anayepanda ngazi. Bandika, bandua. Na bado linachemka.

Nililipeleka nyumbani asubuhi ya mapema barabara zikiwa tupu, nikaliegesha, nikachukua daftari la shule lililobaki nusu. Nikachora safu nne: kilomita zilizosomeka kwenye dashibodi, aina ya safari, mshale ulifika wapi, na maji niliyoongeza asubuhi injini ikiwa baridi. Safu hiyo ya mwisho ndiyo ilinitia aibu, maana nilikuwa naongeza maji kila siku bila kujua naongeza kiasi gani. Nikaanza kuyapima kwa chupa ya nusu lita.

Wiki tatu hivi. Sikugusa kitu kingine, nilikuwa naangalia tu, na popote palipokuwa na dalili ya joto nilisimama mapema na kuzima.

Nilipoyasoma yale maandishi yote pamoja, jambo la kwanza lilijionyesha lenyewe. Gari halikuwahi kuchemka hata mara moja kwenye barabara wazi. Linachemka likiwa limesimama au linajivuta. Zile "siku kadhaa za kupona" baada ya kila gereji zilikuwa siku ambazo sikukutana na foleni. Rejeta mpya haikuwa imeponya kitu, wala pampu.

Tofauti hiyo ya foleni na barabara wazi ina maana kubwa, na kwa kweli ndilo swali ambalo fundi yeyote angepaswa kuniuliza kabla ya kufungua boneti. Gari likikimbia, upepo unaingia wenyewe mbele na kupoza rejeta. Likisimama, anayevuta upepo ni feni peke yake. Kwa hiyo gari linalochemka likisimama na kupoa likikimbia, anza na feni. Linalofanya kinyume, yaani linatulia kwenye foleni halafu linapanda ukilikimbiza au ukipanda mlima, mara nyingi maji ndiyo hayazunguki ya kutosha: rejeta imeziba ndani, thamostati haifunguki vizuri, au pampu imechoka. La kwangu lilikuwa kundi la kwanza. Mimi nilikuwa nimetibiwa ugonjwa wa kundi la pili, mara mbili.

Jambo la pili nililigundua kwa bahati. Siku moja nikiwa foleni, mshale umeanza kupanda, nikawasha kiyoyozi kwa sababu jasho lilikuwa linanitoka, la joto na la hofu pamoja. Mshale ukashuka. Nikashangaa, kwa sababu siku zote nimesikia kwamba gari likichemka uzime kiyoyozi. Nikaiandika hivyo hivyo kwenye daftari, na alama ya kuuliza mbele yake.

Na daftari hilo nililipeleka kwa mzee mmoja fundi umeme wa magari. Alilisoma lote, ukurasa kwa ukurasa, akiwa amevaa miwani iliyofungwa kwa waya. Alipofika kwenye ile alama ya kuuliza akacheka.

"Mwanangu, jibu umeliandika mwenyewe hapa. Feni yako nzima."

Akanieleza. Kwenye gari kama langu feni huwashwa na njia mbili. Ya kwanza ni swichi ya joto iliyofungwa kwenye rejeta: maji yakipata moto kiasi fulani, inaunganisha umeme na feni inazunguka. Ya pili ni kiyoyozi. Ukikiwasha, kinaiita feni moja kwa moja bila kuuliza joto la maji. Kama feni inazunguka kwa amri ya kiyoyozi, basi mota yake ni nzima na umeme unafika. Aliyelala ni swichi, au waya wake.

Akachomoa soketi ya ile swichi, akaunganisha matundu mawili kwa kipande cha waya, akaniambia nifungue ufunguo bila kuwasha injini. Feni ikaunguruma pale pale. Nilitamani kulia. (Usiige hatua hiyo kabla ya kujua gari lako. Kuna magari ambayo swichi yao hufanya kinyume, ukichomoa soketi tu feni inazunguka, na mengine hayana swichi ya namna hiyo kabisa. Kompyuta ya gari ndiyo inayoamua. Na vidole viwe mbali, feni ya umeme inaweza kuzunguka hata injini ikiwa imezimwa.)

"Lakini mzee, rejeta si mpya?"

"Rejeta mpya. Swichi umehamishiwa ileile ya zamani."

Ndivyo ilivyokuwa. Waliifungua kwenye rejeta kuukuu wakaifunga kwenye mpya, kwa uangalifu mkubwa, na mpira mpya wa kuzuia maji juu yake.

Mimi ningeishia hapo, nifunge swichi mpya, niende zangu. Mzee akakataa, akasema swichi haili maji, na daftari linaonyesha gari linakunywa. Hapo tukarudi kwenye ile hukumu ya hedi, ambayo bado ilikuwa inaninyima usingizi.

Gasketi ya hedi, ile pakiti inayoziba kati ya hedi na injini, ikiungua inaacha nyayo. Gesi ya ndani ya silinda inavuja kuingia kwenye maji, kwa hiyo utaona mapovu yasiyokwisha kwenye mdomo wa rejeta injini ikinguruma, na mipira ya rejeta inakakamaa muda mfupi tu baada ya kuwasha, kabla injini haijapata moto. Maji yakiingia kwenye silinda, ekzosi inatoa moshi mweupe mzito usioisha hata injini ikishapata joto. Yakichanganyika na oili, kijiti cha oili au mfuniko wake unatoka na kitu kama maziwa ya chai, ingawa utando kidogo kwenye mfuniko peke yake unaweza kuwa ni unyevu wa safari fupi fupi. Sikuwa na hata kimoja. Bado mzee alitaka uhakika: kuna dawa ya rangi ya bluu inayowekwa kwenye kichupa juu ya mdomo wa rejeta, unavuta hewa ya pale kwa puto dogo la mpira, kama gesi ya injini ya petroli inavuja, ile bluu inageuka njano. Ya kwangu ilibaki bluu dakika zote tulizosimama pale tukiikodolea macho. Kipimo kilichukua muda mfupi kuliko muda ambao yule fundi wa spana angetumia kufungua boliti za kwanza.

Kisha akafunga pampu ya mkono yenye geji kwenye mdomo wa rejeta, injini ikiwa baridi, akajaza presha hadi kiwango kilichoandikwa kwenye kofia. Mshale ukasimama. Robo saa, haujashuka. Kwa hiyo hakuna pa kuvujia: si mpira, si pampu, si rejeta. Akaihamishia ile pampu kwenye kofia ya rejeta yenyewe, kwa adapta yake. Presha haikufika hata nusu, ikatoroka.

Kofia! Kitu ambacho mimi nilikiona kama kizibo cha chupa. Kofia ya rejeta ni vali. Ya kwangu imeandikwa 1.1, yaani inashikilia presha ya takriban bari 1.1 juu ya ile ya hewa ya kawaida, na kwa presha hiyo maji hayachemki kwenye nyuzi 100 bali kuzidi kidogo nyuzi 120. Kulanti, ile dawa ya rejeta, ikichanganywa na maji nusu kwa nusu inasogeza mbali zaidi. Kofia ikilegea, unapoteza nafasi hiyo yote. Maji yanachemka mapema, yanamwagikia kwenye chupa ya akiba, chupa ikijaa yanamwagika barabarani ukiwa unatembea, kwa hiyo ukiegesha huoni dimbwi. Tena ndani ya kofia kuna vali nyingine ndogo inayorudisha maji kutoka kwenye chupa injini inapopoa. Nayo ilikuwa imekwama. Ndiyo maana asubuhi nilikuwa nakuta chupa imejaa pomoni na rejeta imepungua, nikidhani chupa ikijaa basi mambo ni sawa.

Kofia, swichi. Vipuri viwili vinavyoingia mfuko mmoja wa shati, na bei yake kwa pamoja nisingependa kuilinganisha na ya rejeta.

Cha tatu kilikuwa thamostati, na hapa mimi na mzee tulibishana kidogo, maana nilishazoea kuishi bila hiyo. Kwenye kipindi hicho taa ya injini ilikuwa inawaka, nami nilikuwa nimeipuuza nikidhani ni sehemu ya balaa lilelile. Alipochomeka mashine ya kusomea, ikaleta namba ya hitilafu P0128. Maana yake ni kinyume cha matatizo yangu yote: injini inachelewa kupata joto inalotakiwa. Bila thamostati maji yanazunguka kwenye rejeta tangu sekunde ya kwanza, injini inabaki baridi barabarani, na kompyuta, ikidhani bado ni saa ya kuwasha, inaendelea kumimina petroli ya ziada. Kwa hiyo gari langu lilikuwa linaungua kwenye foleni na kutetemeka kwa baridi kwenye barabara kuu. Nilinunua thamostati mpya iliyogongwa 82, yaani nyuzi inazoanza kufunguka, na kabla ya kuifunga niliijaribu nyumbani: unaitumbukiza kwenye sufuria ya maji pamoja na kipimajoto, unawasha jiko, unaangalia inaanza kufunguka kwenye nyuzi ngapi. Ilianza karibu na 82 kama ilivyoandikwa. Nilifurahi kama mtoto, nikaichemsha mara ya pili bila sababu.

Kujaza maji baada ya hapo nako kuna namna yake. Hewa ikibaki ndani, inakaa kwenye kona za juu za hedi na mshale unaruka ruka. Tuliinua gari pua juu, tukaweka hita kwenye joto la mwisho, tukaacha injini ingurume huku mdomo uko wazi, tukiongeza mchanganyiko kidogo kidogo mpaka mapovu yakakoma na feni ikawaka yenyewe mara mbili. Ile sauti ya feni kuwaka bila kuitwa na kiyoyozi! Na kufungua kofia injini ikiwa ya moto, hapana. Mimi nasubiri hadi mpira wa juu wa rejeta uminyike kama mpira wa kawaida na uwe baridi mkononi.

Daftari sikuliacha. Nikaongeza safu ya petroli: najaza tangi hadi bomba lijikate, naandika kilomita, nikijaza tena nagawanya lita kwa kilomita, nazidisha kwa 100. Kabla ya thamostati wastani wangu ulikuwa lita 10.6 kwa kilomita 100. Baada yake ukateremka hadi 9.3, njia zilezile, mguu uleule. Nikaongeza pia kila kilichotoka mfukoni, bima, oili, tairi, hata kuoshwa, nikawa nagawa jumla kwa kilomita za mwaka. Namba hiyo moja, gharama ya kilomita, ndiyo ilinizuia kuliuza gari kwa hasira. Nilipotoa vile vilivyobadilishwa bila kupimwa, gari lenyewe halikuwa ghali. Aliyekuwa ghali ni mimi.

Mambo mengine yanaenda kwa tarehe tu na hayana hadithi. Maji ya breki kila miaka miwili, kwa sababu yanafyonza unyevu hata ukiegesha. Tairi nasoma zile tarakimu nne za mwisho za maandishi ya DOT ubavuni mwake, 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mkanda wa taimingi, ule unaopanga vali zifunguke kwa zamu na pistoni, ndio nauogopa, maana ukikatika kwenye injini nyingi vali na pistoni zinagongana. Kitabu cha gari langu kinasema kilomita 100,000, na karatasi za mwenye gari wa kwanza zinaonyesha ulibadilishwa ilipofika 96,000. Kwa sasa nasoma 181,000. Kwenye gari hili mkanda huo ndio unaozungusha pampu ya maji, kwa hiyo pampu ile niliyobadilisha bila sababu itakuwa angalau imenifaa, kama fundi aliweka na mkanda mpya. Nilimuuliza. Hakuweka.

Rejeta ya zamani nilikuwa nimeichukua siku ile bila kujua nitaifanyia nini. Juzi nilimpelekea mzee, tukaiziba matundu, akaifunga ile pampu yenye geji na kujaza. Tukanywa chai. Tuliporudi, mshale ulikuwa palepale.