Nyanya zilizolala zikiwa kijani

Nyanya zikianza kunyauka, kila mtu ana jibu lake. Zangu za tuta la chini, karibu na mfereji wa maji ya jikoni, zilikuwa zikilala mchana na kuinuka jioni. Jirani akaniambia, "Dada, hizo zina kiu tu, ongeza maji." Dukani kwa pembejeo wakataka kuniuzia dawa ya ukungu. Sikuinunua. Dawa hizo si bei ya kuchezea, na kunyauka peke yake hakukuambii mmea unaumwa nini.

Kiu niliiondoa kwa kuchomeka kidole ardhini: unyevu ulikuwepo wa kutosha. Sota, yule kiwavi wa udongoni, naye hukata miche michanga usiku, pale shina linapotokea ardhini. Yangu ilikuwa imeshaweka maua, na shina halikuwa na jeraha.

Nikang'oa mmoja. Inauma kung'oa mche wenye maua, lakini mizizi huwezi kuijua kwa kutazama majani. Nilikuwa natafuta vinundu vya minyoo fundo, vile ambavyo ni mzizi wenyewe uliovimba na havibanduki. (Vya kunde na maharage ni vingine, hutoka kwa ukucha, na vina faida.) Sikuona hata kimoja.

Ikabaki mnyauko fuzari, unaoletwa na ukungu, au mnyauko bakteria. Fuzari huanza kwa kugeuza majani ya chini kuwa njano, mara nyingi upande mmoja wa mmea. Yangu yalikuwa yamelegea yangali kijani kibichi, kama mchicha uliolala sokoni. Nikampigia bibi shamba wa kata. "Kata kipande cha shina, mama, kitie kwenye glasi ya maji, halafu usikitikise."

Nilikata karibu na ardhi, kipande cha urefu wa kidole. Chini ya gome palikuwa na mduara wa kahawia. Nikakining'iniza kwa uzi, ncha ya chini ikizama kwenye maji, nikaweka glasi dirishani penye mwanga. Chai yangu haijapoa, utepe mweupe ukaanza kushuka kutoka kwenye mkato, mwembamba kabisa, ukijipinda taratibu hadi kwenye kitako cha glasi. Huo ni ute uliojaa bakteria wenyewe, Ralstonia solanacearum. Fuzari nayo huacha kahawia ndani ya shina, ila haitoi ute huo. Nikakata na tawi la mmea usioumwa wa tuta la juu nilinganishe. Maji yakabaki maangavu.

Dawa ya kupulizia ya kuuponya mmea ulioshikwa haipo. Niling'oa yote iliyolegea pamoja na udongo wa mizizini, nikaichoma. Kwenye mboji haikwenda. Kisu na jembe nikaviosha kwa jiki. Mfereji nikaugeuza, maana bakteria huyu husafiri na maji, na hata na tope la viatu. Tuta la juu, ambako maji yale hayafiki, nimevuna hadi majirani wakagawiwa.

Chini sasa kuna mahindi na vitunguu. Jirani anasema napoteza eneo, ningeweka japo biringanya au hoho. Lakini hizo ni ukoo mmoja na nyanya, pamoja na nyanya chungu na viazi mviringo, na ugonjwa huu hukaa udongoni miaka kadhaa. Ananiona mkaidi. Nyanya za msimu huu nimezipanda kwenye ndoo, kwa udongo niliouchota mbali na mfereji.