Siku moja maishani mwangu: nesi wa sindano za mshipa, Mikindani, Mtwara

Saa 1:15 asubuhi. Nashuka kwenye bajaji mbele ya kituo chetu cha afya. Benchi la nje limeshajaa, na baadhi ya waliokaa wana plasta mikononi. Hao ndio wangu. Wanalala makwao, wanakuja mara moja kwa siku kuchomwa antibayotiki kwenye mshipa, kisha wanarudi nyumbani. Tumezoea kwamba ukiandikiwa sindano za mshipa basi ni kulazwa. Lakini mtu anayekula, anayetembea, ambaye homa imeshatulia na kilichobaki ni dozi tu, wodini anakaa kufanya nini? Anapigwa na gharama, na anaweza kuondoka na vijidudu sugu ambavyo hakuja navyo.

Saa 1:30. Napokea zamu. Nahesabu vichupa vya seftriaksoni, antibayotiki yetu kuu, maji ya sindano, na kanula za pinki na za bluu, vile vijirija laini vinavyobaki ndani ya mshipa. Halafu adrenalini. Isipokuwepo mezani sichomi mtu. Mgonjwa anaweza kuchomwa salama siku tatu, ya nne mwili ukakataa: vipele, midomo kuvimba, pumzi kubana, presha kushuka. Hapo ni adrenalini miligramu 0.5 kwenye msuli wa paja, palepale, mengine yatafuata. Dozi ya kwanza ya mgonjwa yeyote naitoa kituoni, na haondoki kabla ya nusu saa.

Saa 2. Naanza na mzee wa Naliendele aliyejikata jembe akipalilia mikorosho, mguu ukavimba mpaka karibu na goti.

“Shikamoo mzee.”

“Marahaba binti yangu. Jana nimelala.”

Naangalia mguu kwanza. Daktari alichora mstari wa kalamu pale wekundu ulipoishia, na leo umerudi chini vidole viwili kutoka kwenye mstari. Nafurahi, namwonyesha na yeye. Kisha naikagua kanula: tarehe niliyoiandika kwenye plasta, ngozi juu ya mshipa, nabonyeza taratibu huku namtazama usoni, maana wazee wengi hawasemi panapouma. Nasukuma mililita 5 za normal salini, yale maji safi ya chumvi. Zikipita laini, mkono usivimbe na asikunje uso, mshipa uko sawa. Ndipo natundika dripu yake, gramu 2 za seftriaksoni ndani ya mililita 100 za normal salini, iishe kwa dakika 30. Siweki kwenye dripu ya Ringa, kwa sababu ile ina kalisi, na ikikutana na seftriaksoni inaweza kufanya chembechembe.

Mwanafunzi aliyekuja kwa mafunzo ya vitendo ananiuliza kama tunafanya hivi kwa kukosa vitanda. Namwambia hapana. Marekani waliandika habari zake tangu 1974, kwa watoto wenye ugonjwa wa kurithi wa mapafu, na huko wapo wagonjwa wanaofundishwa kujichoma wenyewe. Kinachoamua ni dawa yenyewe. Seftriaksoni inakaa mwilini muda mrefu, mara moja kwa siku inatosha. Benzilipenisilini inataka kila saa sita, hata usiku wa manane. Huyo lazima alale wodini.

Saa 4. Mama mwenye maambukizi ya figo. Alikuja anatapika kila kidonge, ndiyo maana tukaenda kwenye mshipa. Leo amekunywa uji, umetulia, na homa imekwisha. Daktari anambadilishia vidonge, nami naitoa kanula na kubana pamba. Anashtuka: “Nesi, si mnaniacha nusu?” Nakaa naye. Namweleza kwamba dozi inaendelea, njia tu ndiyo imebadilika, na kwamba kanula isiyo na kazi ni mlango wa vijidudu uliobaki wazi.

Saa 5. Kijana anataka “sindano kali” kwa UTI sugu. Hajapima mkojo. Namrudisha kwa daktari, naye anaondoka amenuna. Naumia, kwa sababu najua yapo maduka ya dawa yatakayomchoma bila swali. Usugu wa vimelea dhidi ya dawa unaanzia hapohapo, na siku bibi yake atakapoihitaji kweli seftriaksoni, huenda isifanye kazi.

Saa 7 mchana. Napanda boda kwenda kwa bibi mmoja huku huku Mikindani. Alivunjika nyonga, kumbeba kila siku ni kumtesa. Kuotesha vijidudu vya mkojo wake maabara kulionyesha vidonge tulivyonavyo haviui kijidudu chake, seftriaksoni bado inakiua. Nanawa, nafuta meza kwa spiriti, nachanganya gramu 1 na mililita 10 za maji ya sindano, nasukuma polepole kwa dakika tatu hivi. Mjukuu wake wa kike ndiye nesi wa nyumba hii. Ananitajia mwenyewe bila kuulizwa: mkono usilowe wakati wa kuoga, plasta ikibanduka asiirudishie, na mtu mwingine yeyote asichome kitu kwenye kanula hiyo. Sindano iliyotumika naondoka nayo kwenye boksi lake la usalama. Watoto wanacheza uani. Wenyeji wangu wananiwekea ming'oko ya kuchemsha, mizizi ya porini kama viazi, nakula nikisubiri kuona bibi yuko sawa.

Saa 9:30 alasiri. Nakabidhi zamu. Daftari linaonyesha nani kabakiza dozi ngapi, kanula iko mkono gani na iliwekwa lini.

Saa 2 usiku. Simu. Ni kijana wa bodaboda mwenye maambukizi ya mfupa baada ya ajali. Hawa matibabu yao ni wiki nne hadi sita, na mishipa yao inachoka. Mkono una moto, anasema, na pana mstari mwekundu unapanda. Namuuliza kuhusu homa na kutetemeka. Hana. Namwambia asisubiri asubuhi, aje kituoni sasa hivi. Nampigia nesi wa zamu ya usiku: aitoe kanula ya mkono wa kulia, amwonyeshe daktari ule wekundu, mpya aweke kushoto, chini kabisa karibu na kiganja, ili mishipa ya juu ibaki kwa wiki zilizosalia.