Hapa Hakuna Mkungu

Jumamosi, usiku.

Mdogo wangu kalala kwenye godoro la chini, feni nimemwelekezea yeye. Mimi usingizi umegoma, kwa joto na kwa swali aliloniachia. Kashuka leo kutoka Njombe, mara yake ya kwanza kuiona Dar es Salaam, na alipomaliza kula tu akaniuliza: "Dada, kesho nianze na nini?"

Nilinyamaza. Mimi nilipokuja, Januari 2023, kila mtu alikuwa na jibu lake. Mjomba alinionya juu ya wezi wa simu. Rafiki yangu wa chuo aliniambia niende Coco Beach nikale mihogo, kana kwamba Njombe tumekosa mihogo. Mchungaji akasema nitafute kanisa kabla sijatafuta chumba. Mama hakusema neno, alinifungashia blanketi. Lile zito la baridi ya Juni, akalikunja chini kabisa ya begi, nami nikakosa moyo wa kumwambia kwamba ninakokwenda watu hulala juu ya shuka. Ninalo mpaka leo. Nalikunja nalifanya mto.

Safari yenyewe ilikuwa ya kuvua nguo. Mikumi dereva alipunguza mwendo, abiria wote tukahamia madirisha ya upande mmoja kutazama twiga. Chalinze nikavua koti. Kibaha nikavua sweta. Tulipoingia stendi ya Mbezi, saa mbili usiku, jasho linanitiririka na sina cha kuvua tena.

Mama mdogo alinipokea, akanipeleka kwake Kimara, na usiku uleule akanipa sharti moja ambalo nimeliona lina thamani kuliko ushauri wote niliobeba: "Ukipotea, muulize aliyekaa. Usimuulize anayepita." Nilidhani ni maneno ya watu wazima tu. Baadaye nikaelewa. Anayepita hajui kama unaijua njia au huijui, na wewe hujui anakwenda wapi na ana nia gani. Akikudanganya, hutamwona tena. Lakini mama ntilie, fundi viatu, muuza vocha, kijana wa bodaboda aliyeegesha kijiweni kwake, hao kesho utawakuta palepale. Wana jina la kulinda.

Asubuhi ya kwanza nikaingia foleni ya mwendokasi, yale mabasi yenye njia yao peke yao. Mbele yangu kulikuwa na mzee, nikamwamkia. Pembeni mama mtu mzima, nikamwamkia. Nyuma yao wawili wengine. Shikamoo ya nne ilipotoka nikagundua kwamba nikiendelea hivi nitaiamkia Kimara nzima na gari litaniacha. Yule mzee wa kwanza alicheka, akaniuliza, "Umetoka mkoa gani, mwanangu?" Huku watu wote wa nje ya Dar ni wa mikoani, hata kama Dar nayo ni mkoa. Sensa ya 2022 ilikuta humu watu 5,383,728. Mimi simo, nilihesabiwa kwetu.

Kilichonishinda si wingi wa watu. Ni majina ya vituo.

Nilikaa dirishani nikayasoma: Korogwe, Bucha, Baruti, Kibo, Shekilango, Urafiki, Tip Top, Argentina, Mwembechai, Mapipa. Kwetu ukiambiwa "shuka kanisani" utaliona kanisa. Mimi Mwembechai nikanyoosha shingo kutafuta mwembe. Mapipa nikatafuta mapipa. Argentina, nikaacha kutafuta. Urafiki nilidhani ni jina la kupendezesha tu, kumbe ni kiwanda cha nguo kilichojengwa kwa msaada wa China miaka ya sitini, urafiki wenyewe ndio huo. Na Jangwani! Nilingoja mchanga. Jangwani ni bonde la Mto Msimbazi, na masika ikikolea maji yanajaa mpaka barabara inafungwa, watu wanazunguka mji mzima kwenda hatua chache mbele. Jangwa linalofunga barabara kwa maji, nikawaza, huu mji unanicheka.

Kazi niliyoijia ilikuwa Kariakoo, kuandika risiti na kuhesabu mzigo kwenye duka la vifaa vya umeme, si mbali na mtaa wa Mkunguni. Ndiyo, wiki nzima nilikuwa naangaza kama nitaona mti wa mkungu. Soko kuu wakati huo lilikuwa limezungushiwa uzio, linajengwa upya baada ya kuungua Julai 2021, lakini wateja wakipiga simu wanaelekezana kwa soko lilelile: "Nipo hapa sokoni, upande wa shimoni." Wote wanaelewana. Mimi peke yangu ndiye nilikuwa naliona lile vumbi la ujenzi.

Aliyenifungua macho ni mzee muuza kahawa, anayepita saa kumi jioni akigonganisha vikombe. (Huyu anapita, ndiyo, lakini kila siku saa ileile, kwa hiyo namhesabu miongoni mwa waliokaa.) Nilimuuliza mkungu wa Mkunguni uko wapi. Akanimiminia kahawa, akanipa kashata, akasema: "Binti, na Kariakoo ni nini?" Sikujua. Ndipo akaniambia habari ya vita vya kwanza vya dunia, Waingereza walivyouchukua mji huu kwa Wajerumani mwaka 1916, na wapagazi waliokusanywa kubeba mizigo ya jeshi wakawekewa kambi hapa. Kikosi kiliitwa Carrier Corps. Ulimi wa watu ukakiita Kariakoo. Kambi haipo, wapagazi hawapo, jina linauza vitenge na simu.

"Hapa usitafute kilichopo," akasema. "Uliza kilichokuwepo."

Jumapili iliyofuata nikatembea kwa miguu. Nimeshawaambia wengi na nitamwambia na huyu mdogo wangu: mji wa magari utembee kwa miguu angalau mara moja, asubuhi ya Jumapili, maduka yamefungwa na jua halijawa kali. Kutoka Kariakoo nikapita Mnazi Mmoja (wenyewe mjue nilivyohesabu minazi), nikafika Mnara wa Saa, nikafuata Samora mpaka kwenye sanamu ya askari aliyeshika bunduki, ile iliyosimamishwa mwaka 1927. Watu wanaipita kama nguzo ya umeme. Mimi nilisimama nikasoma, kwa sababu yameandikwa Kiswahili pia. Inawakumbuka askari Waafrika wa vita vile, na wapagazi. Nikasema, kumbe ni nyinyi. Jina lenu nalishukia kila asubuhi.

Kutoka pale bahari haiko mbali. Nilikuwa sijawahi kuiona. Naona haya kidogo kuandika hivi, lakini nilipofika Feri, penye kivuko, kilichonijia kwanza ni harufu ya samaki na mafuta ya mashine, wala si ile hewa ya kwenye picha za kalenda. Nikalipa shilingi 200, nikapanda pantoni kwenda Kigamboni pamoja na matenga ya nyanya, baiskeli, magari, na wanakwaya waliokuwa wakifanya mazoezi ya sauti ya pili. Ni dakika chache tu. Nikafika ng'ambo, sikuwa na shida yoyote ng'ambo, nikarudi. Nikavuka tena. Mara ya tatu mkata tiketi aliniangalia vizuri, akaniuliza kama nimepoteza mtu. Katika mambo yote niliyoyafanya mwezi wa kwanza, hilo la kuvuka bila sababu ndilo ninalolikumbuka kwa raha. Coco Beach kwenye mihogo yake nilienda baadaye sana, na si pabaya.

Sasa chumba. Hapa siandiki kwa raha.

Dalali mmoja alinionyesha vyumba vinne kwa siku moja, na kila mlango tuliogonga alidai hela ya kuonyeshwa. Cha kwanza dirisha lake lilifungukia ukuta wa jirani, mkono haupiti. Cha pili kilikuwa kizuri, bei yake ya kawaida, nami nikataka kulipa palepale. Mama mdogo aliinama, akaonyesha mstari wa kahawia ukutani, juu kidogo ya goti. Maji ya masika yalifika pale. Rangi ilikuwa imepakwa upya chini yake tu, mpaka rangi ilipowaishia. Tangu hapo kila chumba naanza kukitazama miguuni. Na nenda tena usiku, bila dalali, umuulize mpangaji mmoja mambo mawili: maji yanatoka siku zipi, na LUKU, mita ya umeme wa kulipia kabla, ni ya nani. Nyumba niliyoipata, Kimara Baruti, mita ilikuwa moja kwa vyumba sita, na mmoja wetu alikuwa na friji na pasi na heshima ndogo. Tulichanga sawa. Tuligombana sawa pia.

Kodi walitaka ya miezi sita mkononi, na mwezi wa saba wa dalali. Akiba yangu yote ikaishia pale. Siku tatu nilikula wali maharage kwa mkopo, kwa mama ntilie ambaye hakunijua jina.

Huyo mama alikuwa akipika chini ya mkungu mkubwa, pale njia ya kwetu inapoachana na lami. Majani yake mapana, kivuli cha kutosha benchi mbili na kijiwe cha bodaboda. Alinikopesha, nadhani, kwa sababu nilimuuliza njia siku ya kwanza na ya pili na ya tatu, ileile, mpaka akaniambia, "Wewe utapotea ukiwa chumbani kwako." Kwenda kujitambulisha kwa mjumbe wa mtaa ni yeye aliyenituma. Nilidharau, nikaona mambo ya kizamani, ila barua ya serikali ya mtaa nilikuja kuihitaji benki, nikapita mlango uleule wa mjumbe. Kupaza sauti kwenye daladala nilifundishwa hapohapo, baada ya kuwasimulia nilivyoona haya kusema "shusha" Tabata Bima, nikapitilizwa mpaka Segerea, mwisho wa gari. Vijana wa bodaboda walinisimamisha chini ya mkungu wakanifanyisha mazoezi. "Shusha!" "Hatujasikia, dada!" "Shushaaa!"

Miezi ikapita. Nikiumwa siku mbili, wa penye mkungu wanauliza. Fundi wa bomba, binamu, muuza gesi, wote nawaelekeza vivyo hivyo: panda kilima, uje mpaka penye mkungu, ulizia hapo.

Leo mchana simu ililia. Mdogo wangu, sauti juu, magari nyuma yake. Nilikuwa nimemtumia maelekezo tangu jana, kwa maandishi, hatua kwa hatua: Mbezi panda gari la kuja Kimara, kisha mwendokasi, Baruti shuka, panda kilima, uje mpaka penye mkungu.

"Dada, nimepanda kilima. Hapa hakuna mkungu."

"Upo wapi? Kuna kijiwe cha bodaboda?"

"Kipo. Kuna fremu tatu mpya za maduka hazijapakwa rangi, na mama anauza chakula kwenye kibaraza cha saluni. Mti hakuna kabisa, dada. Nimetazama pande zote."

Nikakaa kitandani. Mkungu ulikatwa mwezi uliopita. Niliuona ukikatwa, nilisimama na wenzangu tukalalamika, mwenye kiwanja akajenga zile fremu, mama akahamishia masufuria kibarazani. Kila siku napita pale. Na jana nimekaa nikaandika kwa mkono wangu, penye mkungu.

"Muulize aliyekaa," nikamwambia.

Nikasikia simu inahama mkono, kisha sauti ya kijana mmoja wa kijiweni, yuleyule aliyekuwa akinipigia kelele za shusha.

"Dada, huyu mgeni wako? Anasema hakuna mkungu." Wakacheka wote huko. "Mwambie yupo mkunguni. Namleta sasa hivi."