Solex niliyoiharibu kwa kuing'arisha

Jumapili. Mvua imeanza tangu Ijumaa na hapa Lille, kaskazini mwa Ufaransa, mvua ikiamua imeamua, kwa hiyo leo nimeshinda stoo kule chini na Solex zangu mbili. Moja inang'aa kama imetoka dukani asubuhi, nyingine imechoka mpaka unaionea huruma, na hiyo iliyochoka ndo naipenda.

Kwa asiyeijua, VéloSolex ni baiskeli ya Kifaransa yenye kijiinjini cha cc 49 kimekaa juu ya gurudumu la mbele. Hakina mnyororo wala gia, kuna kidude cha duara kigumu kama jiwe la kunolea kinakandamiza tairi na kulizungusha, basi. Umechoka kupiga pedali unaishusha injini kwa wenzo, mafuta yameisha unainyanyua unakanyaga kama baiskeli yoyote. Zilianza kuuzwa 1946, Wafaransa wakaacha kuzitengeneza 1988, na ziliuzwa zaidi ya milioni 7, kwa hiyo huku kila mzee ana stori ya Solex hata kama hukumuuliza.

Ya kwanza, modeli ya 3800, niliiokota kwenye Braderie, lile gulio la mitumba la Septemba linalojaza mji mzima. Jamaa aliyeniuzia akaapa mwaka jana tu ilikuwa inawaka. Nimefika nyumbani nafungua tenki, ndani kutu tupu kama bati la banda la kuku. Nikamwaga siki, nikatia konzi ya nati, nikaliacha usiku kucha na kesho yake nikawa nalitikisa mpaka mikono ikafa ganzi, mke wangu akachungulia akauliza baba leo kuna ngoma gani mbona unapiga manyanga.

Halafu haiwaki. Plagi inatoa cheche nzuri tu ya bluu, lakini mafuta hayapandi. Hapo ndo nilipowavulia kofia hawa watu, maana kabureta yake haina boya, mafuta yanapandishwa na pumzi ya injini yenyewe: pistoni ikienda juu chini inasukuma na kuvuta hewa, hiyo hewa inachezesha kijingozi chembamba kwenye pampu, mafuta yanapanda, yakizidi yanarudi tenki. Kijingozi kikishakauka hata ukanyage pedali mpaka Calais utaishia kutoka jasho tu. Nikaweka kipya cha euro chache, ikawaka, na ule moshi wa petroli iliyochanganywa na oili ukanipeleka moja kwa moja Pangani kwenye mashine ya boti ya mjomba, yeye alikuwa anachanganya kwa kukadiria na chupa ya soda na samaki alirudi nao.

Ningeishia hapo ningekuwa na akili. Ila mimi nimekulia karibu na fundi baiskeli, na kwetu fundi akikurudishia kitu na kutu yake utamlipa ya nini? Nikapiga msasa wote. Rangi nyeusi mikono mitatu, stika mpya, njiti mpya, kila nati inawaka jua. Nikamwita babu jirani, ambaye ujanani alikuwa anaenda na Solex kiwandani kule Roubaix, nikijua atalia machozi. Akaizunguka mara mbili, akaniambia ni nzuri, kwa ile sauti ya mtu anayesifia chai ambayo imesahauliwa sukari. Halafu akauliza, zile namba zilizokuwa zimechorwa na msumari chini ya kiti ziko wapi?

Nilikuwa nimeziona. Nilizisugua mwenyewe, nadhani dakika mbili hazikufika. Mtu alikaa akazikwaruza kwa sababu anazojua yeye, pengine ili asiibiwe, mimi nikaona uchafu. Tangu siku hiyo ile baiskeli siiendeshi sana, naogopa kuichubua, sasa baiskeli gani hiyo ya kuogopa kuichubua.

Ya pili ni modeli ya 1010 ya miaka ya 1950, nimeipata kwa mtu aliyekuwa anahamisha vitu vya marehemu baba yake. Hii haina klachi kabisa, ukifika taa nyekundu unainyanyua injini kutoka kwenye tairi au inakuzimikia katikati ya watu wanakuangalia. Hii sikuipiga msasa. Nimebadilisha tairi, kijingozi, nimesafisha pointi za kuwashia cheche, kutu nimeifuta na kitambaa cha oili, nikaishia hapo. Mkono ulikuwa unawasha kweli.

Madigadi ya nyuma imepasuka, na huyo marehemu alitoboa matundu mawili akaishona na waya, akausokota kwa koleo, ncha akailaza ndani isichane suruali. Nimeutazama huo waya muda mrefu, ningeukuta kwenye Phoenix ya mtu pale Pangani nisingegeuka hata kuuangalia mara ya pili.

Jana mvua ilikatika kidogo nikatoka nayo, mita mia nne tairi likalowa, kile kidude kikaanza kuteleza, injini inanguruma na baiskeli haiendi, nikarudi kwa pedali na lile zito lote mbele. Leo nikaona waya umelegea kwa ule mtikisiko. Nikachukua koleo nikaukaza nusu mzunguko, kufuata upande uleule alioanzia yeye.