Nani Kafa, Nani Analia

Jana saa tatu usiku nilikuwa nimekaa mkekani, mgongo nimeuegemeza kwenye tendegu la kitanda cha Bibi, nikisema: "Sasa anamwangalia. Hasemi kitu, anamwangalia tu."

"Anamwangalia vipi?" Bibi akauliza. "Kwa hasira au kwa huruma?"

Nikarudisha nyuma kwa rimoti, nikautazama tena uso wa yule mwanamume. Sikupata jibu. Mwigizaji kakodoa macho basi, muziki ndio unaofanya kazi yake. Nikasema ukweli: "Sijui, Bibi. Nadhani hata yeye hajui." Akacheka, akasema zima hiyo, tulale.

Hiyo ndiyo shughuli yangu ya usiku mwaka huu. Mchana niko steshenari, natoa kopi na kuwachapia watu barua. Usiku mimi ni msimulizi wa Bibi. Macho yake yamefifia kidogo kidogo, sasa amebaki kuona mwanga, vivuli, na kitu chochote chekundu. Tivii lakini hakuiacha. Anakaa mbele yake kama zamani, kikombe cha kahawa mkononi, anasikiliza, na pakiwa kimya ananigonga bega kwa ncha ya kidole: nini? Ananiita mke mwenzangu, ndio utani wetu wa bibi na mjukuu, na mke mwenza akizembea kusimulia ana majina mengine anayoitwa.

Kusimulia muvi si jambo geni hapa Tanga. Sisi wa Ngamiani tumekua na vibanda umiza, na muvi za kutafsiri tangu enzi za kanda za Lufufu: mtu mmoja anatoa sauti zote, ya stelingi, ya adui, ya mama yake adui, na akiona mambo yamepoa anaongeza lake. Mimi siruhusiwi kuongeza. Nilijaribu mara moja tu, nikampa mchumba mtu asiye na mchumba ili pachangamke. Siku tatu baadaye Bibi akauliza yule mchumba kaishia wapi.

Kwa hiyo maoni yangu yote juu ya muvi na sizoni nilizoziona karibuni yamepita mdomoni kabla ya kufika kichwani. Anayetaka habari za kamera na taa atanisamehe. Kipimo changu ni kimoja: nikiisimulia, inasimama au inaanguka?

Squid Game, sizoni ya Kikorea, inasimama, angalau ile ya kwanza, ya mwaka 2021. Watu 456 wenye madeni wanachezeshwa michezo ya watoto. Anayeshindwa anauawa, atakayebaki anaondoka na won bilioni 45.6. Kwenye madeni Bibi hakutaka maelezo. Mtaani kwetu siku ya marejesho kuna akina mama wanaoaga kwamba wana msiba Muheza. Alichotaka ni kanuni za michezo, moja moja, kama mtu anayejiandaa kuingia.

Tulipofika kwenye gololi tukakaa wima wote wawili. Wachezaji wameambiwa kila mmoja achague mwenzake, wengi wakachagua wanayempenda wakidhani watacheza upande mmoja, kumbe watacheza wao kwa wao. Ali, kijana wa Kipakistani, yuko na Sang-woo, msomi, ambaye zamani alikuwa akimwita kwa heshima ya mtumishi na bosi wake, mpaka mwenyewe alipomwambia amwite "hyung". Hapo nilisimama kidogo kutafuta neno. Nikasema "kaka". Bibi akaitika, "Ehe. Kaka." Akaliweka.

Sasa Ali anashinda. Sang-woo amebakiwa na gololi moja, anamdanganya kuwa ana mpango wa kuwaokoa wote, anamfungia kifuko shingoni, na humo ndani ametia vijiwe badala ya gololi. Ali anazunguka vichochoroni anaita. Kila alipoita nikawa nasema "kaka", na mara ya tatu Bibi akapaza sauti: "Mwambie aangalie mfuko!" Kana kwamba nina namba ya Ali kwenye simu. Alipoufungua mfuko akakuta vijiwe, sikuwa na la kusimulia, na wala sikuulizwa.

Sizoni ya pili, ya Desemba 2024, ni nusu ya habari iliyouzwa kwa bei ya nzima. Kura, kura, kura. Ya tatu ilitoka Juni 2025 na ndani yake anazaliwa mtoto, katikati ya mchezo, anahesabiwa mchezaji kama wengine. Mwishoni Gi-hun, stelingi mwenyewe, anajiangusha afe ili mtoto abaki. Sisi tuliofundwa kwenye vibanda kwamba stelingi hafi, hilo lilituuma. Bibi hakusema neno, akaomba maji. Ile sehemu ya mwisho kabisa, Cate Blanchett, mwigizaji wa Hollywood, kavaa suti yuko uchochoroni Los Angeles anacheza na maskini mwingine, sikumsimulia. Niliona ni tangazo la tawi jipya la duka.

Huba na Jua Kali hazinihitaji. Watu wa tamthilia zetu wanasema wanachofanya: "Naondoka!" anaondoka, "Nimeona meseji kwenye simu yako!" ameiona. Zamani nilihesabu hiyo ni kasoro, nikiwacheka watu wanaogombana kwenye makochi sehemu nzima bila mtu kuteleka hata chai. Siku hizi nashukuru, ndio muda wangu wa kukunja nguo. Ya Kenya, Sultana, Bibi aliipenda kwa sababu ya Kiswahili chao cha pwani na kwa sababu msichana mwenyewe haoni. "Huyo mwenzangu," alisema, na siku ambayo walimwandika vibaya, akipapasa chumba alichozaliwa humo kama mgeni, alinuna. "Mtu hapotei kwake. Mimi nimewahi kuligonga hili kabati?"

Kwenye za Kituruki nina wivu, nakiri. Ertuğrul ilipowekwa sauti za Kiswahili ilinifukuza kazi. Kila mtu humo ana sauti yake, inatoka kifuani, Kiswahili kimenyooka kama cha hotuba ya Ijumaa, na panga zinalia ili ujue zimetoka. Bibi anawajua kwa kukohoa. Mama yao, Hayme, akianza kuwaonya wanawe, Bibi anatikisa kichwa taratibu kama anasikia shairi la mtu anayemfahamu. Kwangu mimi sehemu zile ni ndefu mno, farasi wanapita msitu uleule kila wiki, na kila kikao lazima kiwe na msaliti mmoja ambaye mtoto wa darasa la pili angemtambua kwa nyusi. Lakini nyusi Bibi hazioni. Kwake usaliti unamjia kama unavyotujia sisi majumbani, kwa sauti nzuri, na unamshtua kwelikweli. Huenda ndivyo inavyotakiwa kutazamwa.

Kuna moja nilitamani nisingeianza. The Woman King, ya 2022, ile ya wanawake askari wa Dahomey, nchi ambayo leo ni Benin. Nilijua ataipenda, na aliipenda: wanawake wanaruka, wanakata, Viola Davis anaamrisha wanaume wakapishe njia. Nilisimulia mpaka sauti ikakauka. Halafu wakaja wafanyabiashara wa watu.

"Hao wanaouzwa, nani anawauza?"

"Wenyewe, Bibi. Mfalme wao, na jirani zao pia."

Muvi inajitahidi hapo. Inampa Nanisca, jenerali anayechezwa na Viola Davis, maneno ya kumwambia Mfalme Ghezo aachane na kuuza watu, auze mawese. Maneno matamu, ila historia haikuwa tamu hivyo: mambo ya muvi yamewekwa mwaka 1823, na Ghezo aliendelea na biashara ile miaka mingi baadaye, mpaka manowari za Waingereza zilipoiziba pwani yake mwanzoni mwa miaka ya 1850. Hilo nalo nilimwambia, maana kipimo chetu ni kutoongeza, na nikaona kupunguza ni dhambi ileile.

Kwao Bibi ni Pangani, ambako misafara ya bara ilishusha pembe na watu kando ya mto kabla Mjerumani hajafika. Alizungusha kikombe mkononi, kahawa imeshapoa. Akasema, "Wetu walikuwa wepi, waliouza au waliouzwa, sijawahi kupata jibu. Nikimuuliza mama alikuwa ananituma dukani." Vita vikarudi kwenye kioo, ngoma na vumbi, nikaendelea kusimulia, lakini niliona kabisa kwamba ananisikiliza kwa sikio moja. Muvi nzuri ya mapigano. Kwa jambo lenyewe, na yenyewe imemtuma mtoto dukani.

Nililotegemea liwe rahisi likawa gumu kuliko yote. Vuta N'kuvute, ya Amil Shivji, ya mwaka 2021. Riwaya ya Adam Shafi nilisoma kidato cha tano, mpaka leo naweza kukuonyesha ukurasa niliomwagia chai. Muvi ni ya Kiswahili, Kiunguja chenyewe, nikasema leo napumzika. Nikaazima laptopu ya shemeji, nikaiunganisha na tivii, nikalala chali.

Dakika ya tano kidole begani. "Wamenyamaza. Kuna nini?"

Kulikuwa na mwanga unaingia dirishani, na uso wa Yasmin, msichana wa habari yenyewe, nusu gizani. Hilo ndilo lililokuwapo. Muvi ile inaongea kwa picha: rangi ya ukuta, jasho shingoni, watu wanaotazamana bila kutamka. Kwenye kitabu watu wa Ng'ambo, mitaa ile ya Unguja, hawanyamazi. Mwajuma ana maneno ya kumtosha kila mtu, na Denge naye ana siasa zake. Hapa maneno yamepunguzwa, picha imebeba mzigo. Inapendeza machoni, tena sana, nilijiona fahari kuona Kiswahili kimepigwa picha kwa utulivu ule. Lakini nilisimulia muvi ya Kiswahili kwa Mswahili zaidi kuliko nilivyosimulia ya Kikorea. Nikatafuta maneno ya mwanga. Nikasema "rangi kama ya samli iliyoganda," Bibi akasema endelea. Nikasema "anamshika mkono lakini kama hajamshika," akasema, "Hapo nimeona."

Siti Amina, aliyecheza Mwajuma, alipotoa sauti kuimba, nilinyamaza. Bibi akajitengeneza kanga. Yeye ni mtoto wa Tanga ya Black Star na Lucky Star, kwa taarabu hatafuniwi. Alisikiliza mpaka mwisho, akatoa hukumu: "Huyu kafundishwa na mtu mzima." Sijasikia akimsifu mwimbaji zaidi ya hapo.

Binti ya Seko Shamte, habari za wanawake wanne, tuliianza mara mbili na mara zote mbili Bibi alisinzia kwa mwanamke wa kwanza. Nitaimaliza peke yangu.

Leo umeme umekatika mapema, hata magharibi haijaingia vizuri. Nikawasha taa ya simu, nikapika chai ya mchaichai, tukakaa barazani na kachori za jirani. Nikamwambia leo zamu yako. Akasema haya, akaanza na Mother India, aliyoiona sinema ya Majestic, onyesho la wanawake peke yao, mabuibui yamejaa mpaka kwenye ngazi.

"Kihindi mlikuwa mnakijua?"

"Kihindi? Shangazi alikuwa mpishi kwa Mhindi mmoja, alijua maneno manane. Tulikaa naye safu moja."

Maneno manane yale yamehifadhi mambo ya ajabu. Nargis, anayecheza mama, amefiwa na ng'ombe, anajitwika jembe begani alivute mwenyewe. Mkopeshaji, yule Sukhilala, Bibi alimwigiza kwa pua, mbu wakituzunguka. Birju, mwanawe, anakua, anakuwa jambazi, anamteka binti wa mkopeshaji siku ya harusi yake, amempakia farasini, na mama mtu anachukua bunduki amzuie mwanawe. Mimi mwisho wake naujua, niliuona kwenye simu. Nikangoja aufikie.

"Akampiga?"

"Watu wanasema alimpiga. Mimi bunduki sikuisikia. Ukumbi mzima ulikuwa unalia, na shangazi alikuwa amenifunika macho na buibui lake." Akachukua kachori, akaipapasa, akairudisha, akachagua nyingine. "Kwani yule mtoto wa Wakorea, aliyeshinda zile hela. Nani anamlea?"

"Kapelekewa yule askari, Bibi. Yule kijana aliyekuwa akimtafuta kaka yake. Kakuta mtoto na hela nyumbani kwake."

"Ana mke?"

"Hawakuonyesha."

"Basi haijaisha hiyo," akasema. "Kesho waulizie."