Gitaa la Chuma: Maina Utaitoa Wapi?

Gitaa la kawaida humruhusu mpigaji kuweka kila kidole cha mkono wa kushoto mahali pake, kimoja kwenye freti (kijiti cha chuma kinachokata shingo ya gitaa) ya kwanza, kingine ya pili, kingine ya tatu, na kwa njia hiyo hupata kodi yoyote anayoitaka, yaani noti kadhaa zinazolia pamoja. Gitaa la chuma, ambalo mwili wake unaweza kabisa kuwa wa mbao, humnyima mpigaji uhuru huo. Hulazwa chali juu ya mapaja, nyuzi zake huinuliwa zisiguse freti, na mkono wa kushoto hushika kipande cha chuma laini ambacho huteleza juu ya nyuzi bila kuzikandamiza, huku mkono wa kulia ukizidonoa kwa kucha za bandia zilizovikwa kwenye dole gumba na vidole viwili vinavyofuata.

Kipande hicho kimenyooka, na hapo ndipo penye kazi. Nyuzi zikityuniwa ili zikipigwa wazi, bila kuguswa na chuma, zitoe do, mi na so, yaani kodi ya meja, basi popote chuma kitakapowekwa patatoka do, mi na so ileile, isipokuwa imepanda au imeshuka. Mzee mmoja wa hapa Tabora, aliyepiga gitaa la solo katika enzi za Tabora Jazz na Nyanyembe Jazz, alinitazama nikifanya mazoezi, akasikiliza kwa utulivu, kisha akauliza: "Sasa, mjukuu wangu, maina utaitoa wapi?" Maina ni kodi yenye sauti ya huzuni, ambayo do, mi na so peke yake haitoi. Nilimjibu kwamba kila aliyeshika chuma hiki, kuanzia Hawaii hadi Lagos, ameulizwa swali hilo na gitaa lenyewe, na kwamba mitindo yote tunayoisikia leo ni majibu mbalimbali ya swali hilohilo.

Magitaa yaliingia Hawaii pamoja na wachunga ng'ombe kutoka Mexico, walioletwa huko katika miaka ya 1830 kuwafundisha wenyeji kazi ya mifugo. Wenyeji walizoea kulegeza baadhi ya nyuzi hadi gitaa likipigwa wazi litoe kodi kamili, na bila mazoea hayo chuma kisingekuwa na pa kuanzia. Joseph Kekuku, aliyezaliwa mwaka 1874 katika kijiji cha Lāʻie kisiwani Oahu, ndiye anayetambuliwa zaidi kuwa mwanzilishi wa upigaji huu, ingawa wapo wanaomtaja pia Gabriel Davion. Masimulizi yanayorudiwa sana ni kwamba Kekuku, akiwa bado mvulana, alikuwa akitembea kando ya reli na gitaa lake, akaokota boliti, na boliti hiyo ilipogusa nyuzi akasikia sauti inayoteleza. Kwa sisi tunaoishi mahali ambapo reli ya kati inagawanyika, njia moja ikienda Kigoma na nyingine Mwanza, masimulizi hayo yanaingia akilini kwa urahisi, ila nawasihi vijana waziache boliti za reli mahali zilipo. Kilicho muhimu ni kilichofuata. Kekuku alijaribu mgongo wa kisu, akajaribu kitana, na hatimaye, akiwa mwanafunzi wa shule ya Kamehameha, akatengeneza kipande cha chuma kilichosuguliwa vizuri katika karakana ya shule. Mwaka 1904 aliondoka Hawaii, akazunguka Marekani na Ulaya akipiga na kufundisha hadi alipofariki mwaka 1932. Maonyesho makubwa ya San Francisco ya mwaka 1915 yaliufanya muziki wa Hawaii upendwe Marekani nzima, na sahani za santuri za muziki huo zikauzwa kwa wingi wa ajabu.

Jibu la kwanza la swali la mzee lilikuwa kukipindisha chuma. Mpigaji hukiweka mshazari, ncha moja ikiwa freti moja mbele ya nyingine, na nyuzi mbili zilizokuwa zikitoa do na mi sasa hutoa re na fa, yaani umbali mfupi zaidi, ambao masikio yetu huutambua kuwa wa maina. Ukitaka kupanda ngazi yote kwa nyuzi mbili, do na mi hupigwa chuma kikiwa kimenyooka, re na fa kikiwa kimepinda, mi na so kimepinda, fa na la kimenyooka, so na ti kimenyooka, na kadhalika. Ni kazi ngumu, kwa sababu freti hukaribiana kadiri unavyoelekea kwenye mwili wa gitaa, na upindaji uliokuwa sahihi kwenye freti ya tatu hutoa sauti mbovu kwenye ya kumi. Wapigaji wa Hawaii waliufikisha ufundi huu mbali sana, na kwangu mimi Sol Hoʻopiʻi, aliyezaliwa mwaka 1902, bado ndiye kipimo: anakimbia kama mpiga tarumbeta wa jazi, na kila mpindo unatua palepale unapotakiwa.

Jibu la pili lilikuwa kubadili namna ya kutyuni. Badala ya do, mi na so peke yake, nyuzi ziliongezewa la. Ukipiga do, mi, so una meja. Ukiziacha nyuzi fulani na kupiga la, do, mi una maina, na chuma hakijasogea hata kidogo. Jerry Byrd, Mmarekani asiye wa asili ya Hawaii, alijenga sifa yake juu ya tyuni ya namna hii, akakataa kufuata mitambo ya pedeli iliyokuja baadaye, na katika miaka ya 1970 akahamia Honolulu, akawa anawafundisha vijana wa Hawaii muziki wa visiwa vyao wenyewe.

Katikati ya hayo kulikuwa na shida ya sauti ndogo, ambayo sitaizungumzia kwa kirefu. Gitaa la mapajani lilimezwa na ngoma na matarumbeta, hivyo mwishoni mwa miaka ya 1920 John Dopyera na wenzake wakatengeneza magitaa yenye sahani nyembamba za alumini ndani yake, yaliyouzwa kwa majina ya National na baadaye Dobro. Kisha mwanzoni mwa miaka ya 1930 George Beauchamp na Adolph Rickenbacker wakatoa gitaa la kwanza la umeme kufanikiwa madukani, na gitaa hilo lilikuwa la chuma, la kulazwa mapajani. Wapiga solo wetu wanaotamba na amplifaya wanapaswa kujua kwamba waliotangulia kupata umeme ni hawa wa kukaa kwenye kiti.

Jibu la tatu ni pedeli. Gitaa liliwekewa miguu kama meza, nyuzi zikafika 10, na chini yake zikafungwa fimbo za chuma zinazovuta uzi mmoja mmoja mpigaji anapokanyaga. Hapo awali pedeli zilitumika kubadili tyuni tu, kabla ya kupiga. Bud Isaacs, katika rekodi aliyoifanya na mwimbaji Webb Pierce mwaka 1953, alizikanyaga wakati nyuzi bado zinalia, na wasikilizaji wakasikia kodi moja ikigeuka kuwa nyingine ndani ya sauti ileile. Eleza kwa do re mi ya kwaya na utaona uzuri wake: umeshika do, mi, so, kanyaga pedeli inayopandisha so kuwa la, umepata maina, ongeza pedeli inayopandisha mi kuwa fa, umeingia kwenye kodi ya fa, na do haijatikisika. Buddy Emmons ndiye aliyetenganisha miinuko hiyo miwili katika pedeli mbili, na vyuma vya kusukumwa kwa magoti vikafuata. Ni mtambo wa akili nyingi. Hata hivyo, ninapozisikiliza nyimbo za kantri za miaka iliyofuata, nachoshwa na wapigaji wanaokanyaga kila baada ya maneno mawili ya mwimbaji, mpaka kilio kinapoteza uchungu.

Wengine hawakulijibu swali, walilikataa. Wapigaji kutoka Hawaii, akiwamo Tau Moe aliyeishi Calcutta na familia yake katika miaka ya 1940, waliliacha gitaa hili India, likaingia hata katika muziki wa sinema. Muziki wa raga, ule wa kale wa huko, hauhitaji kodi. Unahitaji sauti moja inayopita kati ya noti na noti jinsi koo la mwimbaji linavyopita. Brij Bhushan Kabra aliona kwamba kwa kazi hiyo chuma kilichonyooka si kasoro, akalipeleka gitaa kwenye muziki wa kale wa India. Baada yake Vishwa Mohan Bhatt alitengeneza mohan veena, yenye nyuzi chache za kupigwa na nyingi za kuitikia zenyewe bila kuguswa, na albamu aliyorekodi pamoja na Ry Cooder, mpiga gitaa Mmarekani, ikapata tuzo ya Grammy mwaka 1994. Vivyo hivyo Marekani, katika makanisa ya watu weusi yajulikanayo kama House of God, Willie Eason alianza katika miaka ya 1930 kuimbisha uzi mmoja kwa kuiga sauti za waumini, na hadi leo huko chuma huongoza ibada mahali ambapo kwingine pangekuwa na kinanda.

Na Afrika? King Sunny Adé wa Nigeria aliingiza gitaa la pedeli katika juju, muziki wa dansi wa Wayoruba, likipigwa na Demola Adepoju. Humo halilii mfululizo, hutupa kauli fupi kati ya ngoma zinazozungumza kisha hunyamaza, na mimi nauona huo kuwa utumiaji wa busara kuliko wote niliousikia kwenye pedeli. Kwa jirani zetu wa Kenya, santuri za Jimmie Rodgers, mwimbaji wa kantri wa Marekani ambaye baadhi ya nyimbo zake zilisindikizwa na gitaa la Hawaii, ziliwafikia Wakipsigis kiasi kwamba mwaka 1950 Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Afrika, alirekodi huko wimbo unaomtaja kwa jina la Chemirocha. Katika dansi yetu chuma hakikupata kiti, jambo linalonishangaza, kwa kuwa solo ya dansi hupenda kutembea kwa nyuzi mbili mbili, do na mi, re na fa, na hiyo ndiyo njia ya chuma kinachopindwa. Mzee niliyemtaja alilitambua hilo mara tu nilipompigia ngazi nzima; akachukua gitaa lake, akaanza kuijibu kila kauli yangu.

Kwa atakaye kujaribu Tabora au Kigoma, vifaa havina gharama kubwa. Gitaa lolote lenye nyuzi za chuma linafaa, mradi pale nyuzi zinapopita kuelekea kichwani uweke kipande cha mfupa au mbao ngumu cha kuziinua. Chuma changu ni fimbo ya shokapu chakavu ya gari, ile inayong'aa, ambayo fundi aliikata kwa grainda urefu wa sentimita 8 na kuzisugua ncha zake. Uzito wake unakaribia gramu 200, na uzito huo ndio unaozuia mtetemo wa kero. Usipandishe nyuzi kwa kuanzia, zitakatika. Shusha uzi wa sita kutoka E hadi D, wa tano kutoka A hadi G, na wa kwanza kutoka E hadi D, mingine mitatu uiache ilivyo. Weka chuma juu kabisa ya freti yenyewe, si nyuma yake kama tulivyozoea kuweka kidole, na kidole kinachobaki nyuma ya chuma kiguse nyuzi ili sehemu isiyotakiwa isilie. Bila chuma una kodi ya kwanza (ya do), freti ya 5 ni ya nne (ya fa), freti ya 7 ni ya tano (ya so), na kwenye freti ya 12 umerudi nyumbani ukiwa juu zaidi. Maina mtaianza wiki ya pili, kwa nyuzi mbili tu, wa pili na wa tatu.