Siku moja maishani mwangu: bondia wa miaka 37 ninayeshuka uzito, Arusha

Saa 11 alfajiri. Baridi ya Arusha mwezi wa saba mnaijua, ila natoka Ngarenaro nakimbia mpaka Sakina na kurudi. Sivai lile koti la mvua la kujitoa jasho, jasho ni maji tu, ukinywa yanarudi, mimi natoa mafuta.

Saa 1, mizani inasoma kilo 68.2. Pambano lijalo ni uzito wa welta, mwisho kilo 66.68, miaka yote nimepigana super welta ambayo mwisho wake ni 69.85. Mtu anaona kilo 3 ni kitu gani, ukiwa kijana zinaondoka fasta, umri huu mwili unazing'ang'ania.

Saa 2 kazini Unga Limited, nachomelea mageti.

Saa 7 mchana ndio mtihani wenyewe. Wenzangu wanapiga mtori na nyama, mimi ugali kidogo, mchicha, dagaa wa kuchemsha. Mama ntilie akaniuliza, "Baba, unaumwa?" Nikamwambia hapana mama, napunguza uzito, akaniongezea mchicha na hela hakutaka.

Saa 11 jioni jimu. Kocha kaniwekea chalii wa miaka 21, sparingi, yaani kupigana kwa mazoezi, raundi 4. Kule super welta ngumi ya mtu unaiona inavyoanzia begani, huyu dogo jabu tatu, zile ngumi fupi za mkono wa mbele, zishatua bado nataka kupanga mguu, nikimfukuza hayupo. Raundi ya 3 nikaacha kumfukuza, nikawa namkatia njia mpaka kona, nikamshushia ndoano ya mbavu, nikasikia pumzi inamtoka. Hapo ndio uzito wangu wa zamani unalipa.

Tukiwa tunafungua bandeji machalii wakaanza, bro kata maji siku mbili za mwisho utapima freshi. Nikawaambia hapana kabisa. Tunapima siku moja kabla ya pambano, huo muda mwili wangu hauwezi kurudisha maji yote, na ukipanda ulingoni umekauka unahatarisha ubongo wako. Nikawakumbusha Roy Jones Jr., yule bondia Mmarekani, Machi 2003 alipanda uzito wa juu akampiga John Ruiz, akashuka tena, Novemba akamshinda Antonio Tarver kwa tabu kwelikweli, Mei 2004 Tarver akamlaza raundi ya pili. Na yule alikuwa Roy Jones jamani! Mimi nashuka kwa sahani, taratibu, hata kama promota ana haraka.

Saa 3 usiku mayai mawili na parachichi nusu, maji nakunywa ya kutosha, saa 4 nalala. Kesho ni kupiga padi anazoshika kocha, anataka miguu tu.